Nukta ya mpanda mlima imenyamaza: kutafuta kasoro za APRS kati ya Goma na Nyiragongo

Nukta ikipotea kwenye ramani, watu waliobaki Goma huingiwa na hofu kabla hawajajiuliza swali lenye faida: ni kiungo gani kimekatika? Mtu anayepanda na redio ya APRS, mfumo unaorusha mahali alipo kwa vifurushi vifupi vya data viitwavyo pakiti, anafuatwa kwa mnyororo wa viungo sita. GPS inapata mahali alipo, modemu inageuza mahali hapo kuwa milio, redio ya VHF inairusha, antena ya chini inaidaka, kompyuta inaisoma, ramani inaionyesha. Kiungo kimoja kikikatika nukta hunyamaza, hata kama mtu mwenyewe ameketi salama anakula biskuti.

Lakini hakuna anayeweza kulijua hilo akiwa chini. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka Kibati, mwanzo wa njia ya kupanda, andikeni saa ya kimya kwenye karatasi, nakala moja kwa mpandaji na nyingine kwa anayemfuatilia. Mfano unaofaa kwa njia hii: pakiti moja kila dakika 3; kimya cha dakika 30, mwite kwa sauti kwenye motorola, yaani redio ya mkononi, masafa mliyokubaliana; kimya cha dakika 60, mpigie simu mwongoza njia; kimya cha dakika 90, walinzi wa parke wanaarifiwa, bila mjadala. Fundi atatafuta kasoro huku saa hiyo ikiendelea kuhesabu. Kutafuta kasoro hakuisimamishi.

Jambo jingine la mwanzo ni kibali. Leseni ya redio za ridhaa nchini Congo hutolewa chini ya ARPTC, mamlaka ya kusimamia posta na mawasiliano, na indikatifu, yaani jina la redio, huanza na 9Q. Anayetembea kwa miguu huongeza -7 mwishoni. Leseni hiyo haivuki mpaka kwenda Gisenyi.

Haijaonekana hata mara moja tangu Kibati

Chukua motorola ya pili, iweke kwenye 144.800 MHz, simama hatua hamsini kutoka kwa mpandaji, kisha mwambie abonyeze kitufe cha kutuma. Ukisikia kwaruzo fupi, la nusu sekunde hadi sekunde moja, kasoro iko upande wa upokeaji na unaweza kumwacha aanze kupanda. Usiposikia kitu, asiondoke.

Chanzo cha kwanza ni masafa. Afrika na Ulaya hutumia 144.800; Marekani ya Kaskazini hutumia 144.390, na vifaa vilivyoletwa na ndugu kutoka huko huja vimepangwa hivyo. Ukiweka motorola yako kwenye 144.390 na ukasikia kwaruzo, umeshapata jibu.

Pili ni GPS ambayo bado haijapata setilaiti. Kifaa kilicholala miezi kwenye droo, au kilichosafirishwa mbali kikiwa kimezimwa, hakijui setilaiti ziko wapi, na kuupokea mpangilio wote wa setilaiti huchukua dakika 12.5 hata anga likiwa wazi. Kiweke nje kwa robo saa kabla ya safari. Chini ya baraza la mabati kitazunguka bure. Vifaa vingi havirushi chochote mpaka GPS iwe tayari, kwa hiyo ukimya huu unafanana kabisa na redio mbovu.

Tatu, indikatifu haijaandikwa. Programu huja na N0CALL ndani yake, na seva za intaneti huikataa. Nne, plagi ya pini mbili ya modemu haijaingia hadi mwisho kwa sababu ganda la plastiki la redio linaizuia. Isukume kwa nguvu. Isipoingia, punguza plastiki ya plagi kwa wembe, usiguse ya redio.

Kwaruzo linasikika vizuri, kompyuta haisomi kitu

Hii ndiyo dalili inayopoteza muda wa watu kuliko zote, maana sikio linasema kila kitu kiko sawa. Sikio la mtu linavumilia milio iliyopasuka, modemu haivumilii. Pakiti ni mfululizo wa milio miwili, hezi 1200 na hezi 2200, inayobadilishana mara 1200 kwa sekunde, na biti moja ikiharibika pakiti nzima hutupwa.

Anza na redio ya kupokea, kwa sababu iko mkononi mwako. Kwenye redio za mkononi za Kichina zilizojaa mjini kuna vitu vitatu vya kuzima. Cha kwanza ni SAVE, inayoifanya redio isinzie na kuamka ili kuokoa betri: pakiti hupita mwanzo wake ikiwa imesinzia. Kwenye Baofeng UV-5R ni menyu namba 3, iweke OFF. Cha pili ni TDR, kusikiliza masafa mawili kwa zamu, menyu namba 7 kwenye redio hiyohiyo. Nayo iwe OFF, hapa na kwa mpandaji pia, la sivyo yake inaweza kurusha kwenye masafa yasiyo sahihi. Cha tatu ni toni ya kupokea, R-CTCS, menyu namba 11. Ikiwashwa, redio inaziba sauti zote zisizobeba toni hiyo. Kisha fungua skwelchi, kizuia kelele cha redio, hadi 0, ili isichelewe kufunguka. Kelele ya mvua itaingia kwenye kompyuta muda wote. Modemu haijali kelele hiyo.

Halafu sauti. Programu ya Direwolf, ambayo ndiyo modemu ndani ya kompyuta, huandika kiwango cha sauti kwa kila pakiti iliyosoma. Lenga 50 hivi. Ukiona zaidi ya 100, punguza sauti ya redio, usiguse kingine. Usipoona pakiti hata moja, hakikisha waya umeingia kwenye tundu la maikrofoni na si la spika. Kosa hili ni dogo lakini hurudi kila mara, hasa kwenye laptopu zenye tundu moja linalohitaji kigawanyi.

Upokeaji ukiwa sawa, nenda kwa mpandaji. Sauti inayoingia kwenye redio yake ikizidi, milio inapasuka. Huna kipimo? Sikiliza kwenye motorola ya pili huku ukipandisha sauti ya modemu polepole. Utafika mahali ambapo kwaruzo haliongezeki tena hata ukipandisha. Hapo umezidisha, rudi chini hadi kama theluthi mbili ya hapo. Hakikisha pia redio zote mbili ziko kwenye upana uleule, pana kwa pana: menyu 5, WN, iwe WIDE. Mmoja akiwa mwembamba na mwingine mpana, pakiti zitasomeka moja moja tu, za karibu.

Mwisho angalia mwanzo wa pakiti. Redio huchukua muda tangu kubonyezwa hadi kurusha kwa nguvu kamili, na TXDelay ndiyo subira ya modemu kabla ya kuanza data. Milisekunde 300 zinatosha redio nzuri; redio za bei nafuu zipe 400 hadi 500. Anayetumia simu yenye programu ya APRSdroid na waya wa sauti, huku redio ikijibonyeza yenyewe kwa VOX, aongeze zaidi, maana VOX huamka kwa kuchelewa. Tena VOX haichagui: mlio wa ujumbe wa WhatsApp nao unarushwa hewani. Iweke simu kwenye hali ya ndege. GPS yake itaendelea kufanya kazi. ROGER, mlio ambao redio huongeza mwishoni mwa kurusha, nao uzimwe.

Ilionekana vizuri, ikakatika ndani ya msitu

Kabla ya kununua redio kubwa, piga hesabu. Kutoka mteremko wa kusini hadi Goma ni kilomita kati ya 15 na 20, mlima una mita 3,470 na mji uko kwenye mita 1,500 hivi, hakuna kilima cha maana katikati. Mahali pa wazi kwenye njia ile, wati moja inafika mjini kwa nguvu tele. Ikikatika, jambo la kuangalia ni antena na majani.

Sababu ya kwanza kabisa: antena imelazwa ndani ya mfuko wa mgongoni, katikati ya nguo zenye maji na sufuria. Antena ya chini imesimama wima, ya juu imelala. Hapo peke yake unaweza kupoteza sehemu 99 kati ya 100 za nguvu. Ifungwe kwenye mkanda wa bega, isimame, kichwa kisiiguse.

Ya pili ni kile kiantena kifupi cha mpira. Huhitaji pesa kukiboresha: kata waya mwembamba wa sentimita 49, ufunge kwenye pete ya chuma iliyo chini ya antena, uache uning'inie. Redio ya mkononi haina ardhi yake, na waya huo unaifanyia kazi hiyo. Sentimita 49 ni robo ya wimbi la 144.800, ukishapunguza kidogo kwa sababu ya waya. Usiongeze urefu ukidhani utasaidia.

Ya tatu iko Goma: antena iko ndani ya nyumba ya mabati. Itoe nje, juu ya paa, iuone mlima kwa macho. Kebo iwe fupi. Mita 20 za RG-58 hula zaidi ya nusu ya nguvu iliyodakwa. Kama huna budi kuwa mbali, tumia RG-213.

Hayo yakishindikana, weka dijipita, yaani redio inayopokea pakiti na kuirusha upya. Mahali pake ni paa la nyumba Kibati, inapoona mteremko juu na mji chini. Inahitaji redio, modemu, antena ya robo wimbi na betri ya volti 12 yenye Ah 7. Ikivuta wastani wa amperi 0.1, itakula Ah 2.4 kwa siku. Usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo ihesabie siku moja na nusu bila sola. Kwa mpandaji, njia ya pakiti iandikwe WIDE1-1,WIDE2-1. Wapo wanaoandika WIDE7-7 wakitumaini itafika mbali. Inajaza masafa kwa marudio na kuzifunika pakiti zinazofuata.

Jifunze pia kusoma alama ya nyota. Nyota baada ya jina la dijipita inamaanisha pakiti imepitia huko. Hakuna nyota, umemsikia mpandaji mwenyewe, moja kwa moja.

Nukta imeganda mahali pamoja

Tazama saa ya pakiti ya mwisho kabla ya jambo lolote. Ramani nyingi huendelea kuonyesha nukta ya zamani kwa saa nyingi kana kwamba ni mpya. Hapo mnarudi kwenye dalili ya juu: amenyamaza, hajasimama. Tena pakiti zimeandikwa kwa saa ya UTC, na Goma iko mbele kwa saa mbili. Pakiti ya 08:10 UTC ni 10:10 Goma. Mjini kwetu mmoja akisema "saa kumi" anahesabu kwa Kiswahili, jioni ile, na mwingine anatafsiri kutoka Kifaransa, asubuhi ile. Kwenye redio na kwenye karatasi ya ufuatiliaji, saa iandikwe na itamkwe kwa tarakimu nne. Hili limekosewa mno, na linapoteza saa sita nzima.

Kama pakiti ni mpya na mahali ni palepale, anaweza kuwa amepumzika kweli. Kama hujiamini, mwite. Sababu ya kiufundi inayofuata ni GPS iliyopoteza setilaiti chini ya miti, na kifaa kinarudia mahali pa mwisho. Angalia kama urefu kutoka usawa wa bahari nao hautikisiki hata mita moja. GPS iliyo hai hutikisika.

Na kama pakiti ni chache mno, moja kila nusu saa, tafuta mpangilio wa SmartBeaconing. Umetengenezwa kwa magari: chini ya mwendo fulani, mara nyingi kilomita 5 kwa saa, unahesabu kuwa umesimama na unapunguza pakiti. Kutoka Kibati hadi kileleni ni kama kilomita 8 kwa saa tano hivi. Huo ni mwendo wa kilomita 1.6 kwa saa, kwa hiyo kifaa kitaamini mpandaji amesimama siku nzima. Uzime, uweke muda maalumu wa dakika 3. Kwa mwendo huo nukta mbili zinatengana mita 80, inatosha kabisa kutafuta mtu.

GPS ikipoteza setilaiti kila redio inaporusha, wati 5 zinaiziba. Zitenganishe walau sentimita 50, au shusha nguvu hadi wati 1.

Nukta imeruka mahali pasipowezekana

Ikiangukia upande wa Mambasa, Ituri, zaidi ya kilomita 330 kaskazini, mtu ameandika N badala ya S. Nyiragongo iko kama 1°31' kusini; 1°31' kaskazini ni msitu wa Ituri. Kosa hili hutokea zaidi kwa dijipita na vituo vya kudumu, ambavyo mahali pake huandikwa kwa mkono.

Kosa la hatari zaidi ni lile lisiloonekana kuwa kosa. APRS huandika nyuzi na dakika: 0131.20S ni nyuzi 1 na dakika 31.20. Anayeisoma kama nyuzi 1.3120 na kuiingiza kwenye simu ya mlinzi atawatuma watu kilomita 23 kaskazini ya mpandaji, ndani kabisa ya Virunga. Gawanya dakika kwa 60: 31.20 ÷ 60 = 0.52, kwa hiyo ni -1.52. Fanyeni hesabu hii watu wawili, kila mmoja kivyake, kisha mlinganishe.

Nukta moja iliyoruka na kurudi, ipuuze.

Betri inakufa kabla ya kilele

Watu hupunguza pakiti wakidhani kurusha ndiko kunakomaliza betri. Redio ya wati 5 huvuta amperi 1.5 hivi inaporusha, lakini pakiti 20 kwa saa ni sekunde 20 tu za kurusha: miliampea-saa 8.3 hivi. Kusikiliza, skrini, Bluetooth na GPS ndivyo vinavyoila. Zima taa ya skrini, shusha sauti, acha pakiti zilivyo. Juu kule usiku baridi hushuka karibu na sifuri na betri ya lithiamu hulegea; ya akiba ilale ndani ya koti, karibu na mwili, si kwenye mfuko wa nje. Moshi wa volkano una asidi, na ncha za betri na za antena hufanya kutu haraka: zifute kwa kitambaa kikavu jioni.

Redio haiachi kurusha

Taa nyekundu inawaka mfululizo, na wengine wote wamezibwa. Chomoa modemu mara moja. Mara nyingi ni VOX iliyonasa kelele, au mawimbi ya antena yenyewe yameingia kwenye waya wa modemu. Zungusha waya huo mara tano kwenye kipete cha feriti. Weka TOT, menyu 9, kwenye sekunde 15, ili redio ijikate yenyewe siku utakapokuwa mbali.

Goma mnamsikia, lakini ramani ya intaneti ni tupu

Hili si dharura. Maadamu kompyuta yenu inasoma pakiti, mnajua alipo. Programu kama YAAC au Xastir yenye ramani iliyohifadhiwa haihitaji intaneti. Lango lenyewe, yaani programu inayopeleka pakiti kwenye intaneti, mara nyingi limeingia kwenye rotate.aprs2.net, bandari 14580, bila msimbo sahihi wa indikatifu: linaonekana limeunganishwa, ila seva haipitishi kitu chake. Kumbukeni tu kwamba APRS haifichwi. Anachokiona rafiki, yeyote anakiona.

Hapa acha, waite wenye kazi yao

Radi ikianza kunguruma, chomoa antena, iache nje ya nyumba, na usipande paani hata kidogo. Mashariki ya Congo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi zaidi. Mlingoti unaoweza kuangukia nyaya za umeme si kazi ya mtu wa redio. Mwite fundi umeme. Betri ya lithiamu iliyovimba haitobolewi wala haichajiwi: itoe nje, iweke juu ya mawe, mbali na watu.

Kwenye kizuizi cha barabarani, redio yenye antena inaweza kumfanya mtu adhaniwe mpiganaji. Barua ya parke na leseni viwe mfukoni, na akiambiwa azime, azime. Hapo kimya kinaanza kuhesabiwa, ndiyo sababu kuna karatasi. Mlima ukifungwa na parke, au OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano, ikitoa tahadhari, safari imeisha hata kama vifaa vyote ni vizima.

Mtu asiye mlinzi asiende kumtafuta aliyenyamaza, hasa kama nukta ya mwisho iko kwenye shimo au bonde dogo. Mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayotuama mabondeni, haina harufu, na humwangusha anayeshuka kumwokoa mwenzake. Dakika 90 zikitimia, piga simu na usome mambo manne polepole, ukimwomba mlinzi ayarudie: nyuzi za desimali zenye alama ya kutoa mbele ya namba ya kusini, urefu kwa mita, saa ya pakiti ya mwisho kwa tarakimu nne za Goma, na upande alikokuwa akielekea katika pakiti tatu za mwisho.